Tundu Namba 118

Fundi Vioo alitoka sebuleni kwa dakika tatu, hazikuzidi. Mteja alikuwa amegonga dirisha la karakana, mkononi ana kioo cha mlango wa kabati kilichopasuka pembe, anataka kujua kama kinaweza kukatwa kingine bila kugusa fremu. Fundi akakipima, akamwandikia kikaratasi, akamwambia arudi kesho mchana. Aliporudi ndani alimkuta mjukuu wake ameketi sakafuni katikati ya gololi, mate yamemtapakaa kidevuni, anakohoa kikohozi kifupi na kikavu kama cha mtu mzima anayeomba asikilizwe.

Mtoto huyo wa kike alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na nyumba nzima ilimwita Kijiko, kwa sababu tangu ajifunze kusimama hakuwahi kuonekana bila kijiko mkononi. Asubuhi ile mkono wake ulikuwa mtupu. Hilo ndilo lililomshtua babu yake kwanza, hata kabla hajaiona trei iliyopinduka.

Mkewe Fundi alikuwa chumba cha pili akifuma sweta za shule kwa mashine. Aliposikia kikohozi alikuja mbio, akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, akampiga kati ya mabega kwa kiganja, mara tano. Hakikutoka kitu. Kijiko akaangua kilio, na kilio kile kikawa faraja, maana anayelia anapumua.

Wakati huo Fundi alikuwa amepiga magoti akirudisha gololi kwenye matundu yake moja baada ya nyingine. Mkewe alimtupia jicho ambalo lingetosha kumchoma mtu mwingine. Alidhani anaokoa mali. Kumbe yeye alikuwa akitafuta jibu la swali moja tu: ipi haipo?

Hapo inabidi tumweleze kidogo mtu huyu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na tangu ujana alikata vioo vya madirisha, vya picha na vya meza za maduka. Vidole vyake vilikuwa na makovu membamba kama nyuzi. Miaka thelathini iliyopita aliitwa kubadilisha madirisha ya jengo kuukuu, na juu ya dari akakuta kopo lenye gololi kumi na moja. Aliinua moja kwenye mwanga, akaona ndani yake nyuzi nyekundu na za bluu zimejisokota kama kamba, akajiuliza zimeingiaje humo. Yeye aliyekuwa anakijua kioo kuliko anavyoijua mikono yake hakuweza kujijibu. Kuanzia siku hiyo alikwisha.

Sasa alikuwa nazo trei kumi na tatu za mbao alizotoboa mwenyewe, kila trei matundu ishirini na manne, kila tundu na namba yake. Alijifunza kuzitambua taratibu, kwa kukosea na kurudia. Ile iliyotoka mashinini ni laini pande zote, au ina mshono mwembamba. Ile ya zamani, iliyokatwa kwa mkono kutoka kwenye fimbo ya kioo cha moto, hubaki na alama mbili pale ilipokatwa, juu na chini, na alama hizo Fundi aliziita vitovu. “Hii ina mama,” alikuwa akisema akipapasa kwa ukucha, na mgeni asiyejua hubaki ameduwaa. Alikuwa na lenzi, kipimio cha chuma, mizani ndogo, na taa ya mwanga wa zambarau yenye ukubwa wa kidole gumba, kwa kuwa vipo vioo vya zamani ambavyo vikimulikwa kwa mwanga ule hung'aa kijani. Na alikuwa na daftari. Kila gololi ilikuwa na ukurasa wake: kipenyo, uzito, rangi, idadi ya nyuzi, kila mchubuko. Mkewe aliwaambia wateja wake wa sweta kwamba siku mumewe akimtazama yeye kwa lenzi ile, atagundua ana mvi.

Basi ndiyo maana ilimchukua chini ya dakika mbili. Gololi ishirini na mbili zilikuwa zimerudi mahali pake. Matundu mawili yalibaki wazi, la 117 na la 118, na la 118 lilikuwa wazi kwa miaka sita. Kwa hiyo iliyopungua ilikuwa moja.

“Amemeza mia na kumi na saba,” akasema.

“Sema amemeza gololi,” mkewe akajibu huku amekwishambeba mtoto. “Vaa viatu.”

Zahanati ya mtaa ilikuwa mwendo wa dakika sita kwa mtu anayetembea. Wao walitumia tatu. Binti yao, mama yake Kijiko, alipigiwa simu akawakuta hapohapo. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa pili, na alikuja na wino vidoleni na aproni kiunoni, hata hakumbuki aliaga kwa nani.

Daktari wa zahanati alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alisikiliza kifua kulia na kushoto, akatazama mdomoni kwa tochi, akampa mtoto maji kwa kijiko. Cha kwanza kilishuka, cha pili kilishuka, cha tatu kilirudi kikamtiririka shingoni. Daktari akasema hewa inapita vizuri. Mashine ya kupiga picha ya kifua hapo hawakuwa nayo, iko hospitali kubwa, upande wa pili wa mji. Ndipo akauliza ni kitu gani hasa alichomeza, na kama kuna mtu anayekijua vizuri.

Fundi akafungua daftari. Akasoma kwa sauti yake ya chini, bila kuruka kitu: kioo kitupu, hakina madini ndani, milimita kumi na sita na nusu, duara, hakina ufa. Mchubuko mmoja wa juujuu ambao haukati hata ukipitisha ulimi.

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema laiti angepata wazazi wanaojieleza hivi kila siku, kazi yake ingekuwa nusu. Kitu laini na cha mviringo namna ile kitapita chenyewe, siku mbili au tatu, wakague choo. Binti akauliza mara mbili kama isingekuwa vizuri kwenda hospitali kubwa sasa hivi. Daktari akamtazama Fundi, akalitazama daftari, akasema kama ni kama alivyoeleza mzee hapa, hakuna haja ya kumtesa mtoto. Akitapika au pumzi ikibadilika, wamrudishe.

Walirudi nyumbani saa nne kasorobo. Fundi alijisikia mwepesi kidogo, na ndani ya wepesi ule kulikuwa na chembe ya fahari aliyoikemea mara moja.

Lakini Kijiko hakutulia. Alipewa maziwa, akageuza uso. Mate yalikuwa yakimtoka mfululizo, kitambaa cha kifuani kililowa, kikabadilishwa, cha pili nacho kikalowa. Bibi yake alisema ni meno, hata mama yake alikuwa hivyohivyo. Binti alikaa kwenye kochi amemkumbatia mwanawe, akimtazama koo. Mtoto alikuwa akinyoosha mkono kuelekea kabatini na kulia kilio cha kukwama, na baada ya muda wakaelewa anachotaka. Alitaka kijiko chake.

Fundi akachukua rula yake ndefu ya kukatia vioo, akalala kifudifudi, akaipitisha chini ya kabati. Kijiko kikatoka kwa mlio. Nyuma yake, ikibingirika polepole, ikatoka gololi iliyovaa vumbi zito la kijivu kama kipande cha pamba.

Binti akasema, “Ni ile.”

Kila mmoja sebuleni alijua ile ni ipi. Namba 117 na namba 118 zilikuwa mapacha, zimekatwa kutoka fimbo moja ya kioo, msokoto mmoja wa nyekundu, bluu na kijani ndani, nyuzi nyeupe juu yake. Miaka sita iliyopita, 118 ilipotea. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, marafiki zake wanaingia na kutoka, na Fundi akamuuliza kama ameichukua. Akasema hapana. Fundi hakupaza sauti. Alimuuliza tena jioni ya pili, na ya tatu, kwa upole uleule, majuma mawili mfululizo, mpaka binti akafunga nguo zake akahamia kwa shangazi yake. Alikaa huko miezi mitatu. Aliporudi hawakuligusa tena jambo lile, lakini tangu hapo hakuwahi kushika trei yoyote, hata kuipangusa vumbi.

“Miaka sita iko chini ya kabati lako mwenyewe, baba,” alisema sasa. Sauti yake ilikuwa kati ya kicheko na kilio. “Tazama lilivyoishika hilo vumbi.”

Mkewe akasema haya, na asimame sasa amwombe mwanawe msamaha, maana siku imefika.

Na Fundi alitaka. Kila kitu kilikuwa kinakaa mahali pake. Kama hii ni 118, basi 117 iko tumboni mwa mtoto, laini, salama, inashuka kama daktari alivyosema. Na binti yake amesafishika. Alifungua mdomo aseme. Lakini kidole gumba chake kilikuwa kimekwisha kugusa vumbi lile, na vumbi lilikuwa bichi. Lilikuwa limegandamana kama linavyogandamana kwenye kitu kilichotoka mdomoni.

Akaipeleka kwenye meza ya dirishani, akaifuta, akachukua lenzi. Akaegemeza viwiko mezani. Alihitaji daftari. Alijua pia kilichoandikwa humo. Kurasa za 117 na 118 zilikabiliana, na chini ya ile ya pili, kwa wino mwekundu, kulikuwa na mstari ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona isipokuwa yeye. Binti alikuwa amesimama begani kwake na mtoto kifuani. Fundi akalifungua daftari na kuliacha wazi, kwa kuwa alihitaji mikono miwili.

*118. Kiputo kimoja, kama punje ya ufuta, chini ya uzi mweupe wa tatu, karibu na kitovu cha chini.*

*117. Hakuna kiputo. Mchubuko wa nusu mwezi ubavuni.*

Akaanza na kiputo. Akaigeuza gololi mpaka kitovu cha chini kikawa mbele, akahesabu uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kioo kilikuwa safi. Akahesabu upya kutoka upande mwingine, labda amekosea uzi. Katika miaka thelathini hakuwahi kutamani awe amekosea, leo alitamani. Akaitafuta punje ya ufuta chini ya kila uzi, mmoja mmoja, huku nyuma yake akisikia mtoto akipumua kwa mdomo. Haikuwepo. Kisha mwanga wa dirisha ukapita ubavuni, na nusu mwezi ukajitokeza, mdogo, mweupe, kama alama ya ukucha.

“Mwanangu,” akasema, “hii siyo ile.”

Binti hakuwa akiitazama gololi. Alikuwa akiusoma mstari mwekundu. *Imechukuliwa na binti yangu*, na tarehe.

“Kwa hiyo mpaka leo mimi ni mwizi,” akasema.

“Hii ni ya leo. Ina mate ya mtoto.”

“Umeandika kabisa.”

“Nimeandika. Lakini hii ni mia na kumi na saba.”

Mkewe ndiye aliyeona upande mzuri. Akapiga makofi, akasema mbona hizo ni habari njema, kama gololi iko mezani basi haiko tumboni, mtoto aliijaribu akaitema, hakumeza kitu, watu wamehangaika bure, Mungu mkubwa. Alikuwa tayari anamnyooshea mikono Kijiko amchukue.

Binti akamshika mwanawe kwa nguvu zaidi.

“Kama hajameza kitu,” akasema polepole, “mbona hamezi?”

Fundi akageuka kuitazama trei. Tundu la 117 lilikuwa likisubiri gololi yake. Karibu yake tundu la 118, ambalo daftarini liliandikwa *tupu*, na ambalo yeye amekuwa akilihesabu tupu kwa miaka sita, hata asubuhi hii, hata mbele ya daktari.

Mpaka asubuhi ile halikuwa tupu. Jumamosi alibadilisha betri ya taa ya zambarau, ile bapa ya mviringo kama kifungo cha koti. Ya zamani ilikuwa imebaki na nguvu kidogo, hakuona sababu ya kuitupa, na katika trei iliyokuwa mbele yake kulikuwa na tundu lisilo na kazi. Ilikaa pale kana kwamba ilipimwa. Hakuandika, kwa sababu haikuwa gololi.

Alisema neno moja, “Betri,” na hakuna aliyemwelewa. Akavuta droo, akatoa pakiti ya betri aliyoilaza humo Jumamosi, maana hakuwa mtu wa kutupa maelezo. Alikuwa ameyasoma yote siku ile, mara mbili, mpaka herufi ndogo za nyuma pamoja na kile kichoro cha mtoto. Akampa binti yake. Yeye akasoma mistari miwili, kwamba betri ya namna ile ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili, akatoka nje bila viatu.

Jirani yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpaka Rangi, alikuwa akipakia ngazi kwenye pikapu yake. Alipoambiwa hospitali kubwa, akashusha ngazi. Akasema tu kwamba gari haliwaki bila kusukumwa na breki zake ni za kubembeleza.

“Likishawaka hatusimami, jirani,” Fundi akasema.

Mkewe alisukuma nyuma pamoja na wapita njia wawili. Hakupanda. Alirudi ndani kuitafuta ile betri, kwa sababu tumaini lilibaki hilo tu, kwamba nayo iko chini ya kitu fulani. Walikuwa hawajafika nusu ya njia alipopiga simu. Alikuwa amekunja zulia, amevuta kabati, amefagia mpaka mlangoni. Fundi akasikiliza, akasema haya, akakata. Binti hakumuuliza. Alikuwa amemkalisha mtoto wima, kichwa begani, anamwimbia kitu kisicho na maneno, na mate ya Kijiko yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya kahawia hafifu kwenye ukosi wa blauzi yake.

Hospitali kubwa ilikuwa na foleni iliyotoka mlangoni. Kijana wa dirishani alimuuliza binti mtoto anaumwa nini. Binti akasema amemeza kitu. Kijana, bila kuinua kichwa, akasema wachukue namba wakae, watu wengi wamemeza vitu. Fundi Vioo hakuwahi kupita mbele ya foleni tangu azaliwe, hata ya mazishi. Alipenya kati ya watu wawili, akanyoosha mkono juu ya kaunta, akaweka ile pakiti mbele ya nesi aliyekuwa akipanga mafaili nyuma ya yule kijana.

“Kimoja cha hivi,” akasema. “Kiko kooni.”

Nesi akaisoma pakiti, akaacha mafaili.

“Saa ngapi?”

“Saa mbili na nusu. Isizidi dakika tano mbele au nyuma.”

Wakati huo ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nesi hakuuliza swali lingine. Alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akapita milango miwili kwa bega, nao wakimfuata nyuma.

Daktari wa picha aliwaonyesha kwenye skrini. Katikati ya kifua cha Kijiko, kati ya mbavu nyembamba kama miiba ya samaki, kulikuwa na duara jeupe, na ndani ya ukingo wake ukingo wa pili. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo alama ya betri, sarafu haina ukingo wa pili. Gololi nayo isingeonekana hivi. Akapiga simu chumba cha upasuaji akiwa amesimama, akasema wasingoje zamu ya mchana.

Wakakaa kwenye benchi la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Mpaka Rangi alikuwa nje akilinda gari lisizimike. Ukutani saa ilikuwa ikionyesha saa sita kasoro dakika ishirini, na mshale wake mrefu ulikuwa na tabia ya kukwama kidogo kabla ya kuruka, Fundi akajikuta akiungoja kila mara kama vile mtoto angepona kwa kuruka kwake. Mikono yake ilikuwa imeshika gololi namba 117. Hakukumbuka kuichukua.

Binti ndiye aliyekuwa na daftari. Alilibeba kutoka nyumbani pamoja na pakiti, labda bila kujua. Sasa alilifungua mapajani, akafunua kurasa moja baada ya nyingine kwa vidole vyenye wino, na Fundi hakuthubutu kulidai.

“Kila kitu umeandika,” akasema. “Hapa umeandika siku iliyonyesha ukaacha dirisha wazi. Hapa umeandika mama alikohoa ukatikisika mkono.”

“Ndiyo.”

“Betri hukuandika.”

“Haikuwa gololi.”

Akalifunga daftari. “Na mimi je, baba? Nilikuwa gololi?”

Fundi aliinamisha kichwa. Mshale ukakwama, ukaruka.

Aliyetoka chumbani, saa sita na dakika arobaini, alikuwa daktari mwanamke, mfupi, barakoa imeshushwa kidevuni. Alikuwa na kikopo cha plastiki. Ndani yake betri ilikuwa imelala, upande mmoja unang'aa, upande mwingine mweusi kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

Alisema imetoka. Akarudia, kwa sababu aliona hawajaelewa. Kisha akaeleza lililobaki: kooni kuna kidonda cha kuungua, cha ukubwa wa ukucha wa mtoto, hakijatoboa. Atalazwa, atalishwa kwa mpira puani, watachungulia tena baada ya siku chache, na hatasema kwa sasa kwamba hatari imekwisha. Akauliza kama betri ilikuwa mpya.

“Ilikuwa imechoka,” Fundi akasema. “Nusu, labda chini ya nusu.”

“Hiyo imewasaidia. Na kuja kwenu bila kungoja.” Akakitikisa kikopo kidogo. “Nasikia asubuhi mliambiwa msubiri choo.”

“Mimi ndiye niliyemwambia daktari ni gololi,” Fundi akasema. “Yeye aliniamini.”

Daktari alimtazama, halafu akamtazama binti, akasema mama anaweza kuingia.

Kijiko alilazwa siku kumi na moja. Siku ya nne bibi yake aliruhusiwa kumpelekea kijiko chake, kikiwa kimechemshwa, na manesi wakasimulia kwamba aligonga nacho ukingo wa kitanda mpaka wodi nzima ikamjua. Walipochungulia mara ya pili kidonda kilikuwa kinafunga. Sauti yake ilirudi imekwaruzika, na walionywa kwamba koo lingeweza kubana baadaye, kwa hiyo wawe wanarudi kila mwezi.

Fundi alirudi kwa daktari wa zahanati siku moja kabla ya mtoto kutoka, akamweleza alivyokosea, yeye na siyo daktari. Kisha akaenda karakanani, akakata vifuniko kumi na tatu vya kioo kinene, akavifunga kwa skrubu, trei moja baada ya nyingine, akazipandisha juu ya rafu ya mwisho nyuma ya mlango wenye kufuli. Alikuwa amekata vioo vya nusu ya madirisha ya mji ule. Hakuwahi kuwaza kukata cha kufunikia trei zake.

Kilichobaki kilikuwa daftari. Binti alikuwa nalo bado. Hakulirudisha, naye baba yake hakuliomba, mpaka jioni ya Jumapili moja, jua halijazama, alipokuja na mtoto akaliweka mezani mwenyewe. Fundi akavaa miwani. Akafunua mpaka ukurasa wa 118, binti akiwa amesimama palepale begani alipokuwa amesimama siku ile.

Alichukua kalamu nyeusi, akaukata ule mstari mwekundu kwa rula, mara mbili. Kalamu ikasimama. Alitaka kuandika *imepotea*, akaona hata hilo hana ushahidi nalo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mkewe, aliyekuwa akikunja sweta, akainua macho. Mwishowe akaandika *Sijui iliko*, akalisukuma daftari kidogo upande wa binti yake.

Akasoma. Sakafuni mtoto alikuwa ameipata ndoo tupu ya rangi, zawadi ya Mpaka Rangi, anaipiga kwa kijiko huku akipiga kelele zake za kukwaruza, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

“Na tarehe?” binti akasema.

Fundi akaandika tarehe.